Krimu au Maziwa

Nilikulia kwenye kuta za chokaa, na chokaa haikumsumbua mtu kuchagua: ama ipo, ama haipo. Zama za ruksa zilipofika na biashara ikafunguliwa, maduka ya Mwanza yakajaa makopo ya rangi, nami nikajikuta nimesimama ndani ya chumba cha uani, nyumbani kwetu Mkuyuni, nikikodolea macho mabaka mawili ukutani. Moja, kwa maelezo ya muuzaji, lilikuwa krimu. La pili, maziwa. Asubuhi niliipenda krimu. Jua likigeuka, maziwa. Jioni nilirudi kutoka kazini miguu inawaka moto, sioni tofauti yoyote, na bado nasimama.

"Mama watoto, hizi si rangi moja?" mume wangu aliniuliza.

Nilimkaripia bure. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Chumba kile kilikuwa cha mama yangu. Alikuwa mgonjwa, yuko peke yake kijijini upande wa Bujora, na hospitali ilikuwa huku mjini. Lakini kwetu Wasukuma mama halali chini ya paa moja na mkwe wake wa kiume, na kila nilipomsihi alinijibu vile vile: "Nitalalaje kwa mkwe, mwanangu?" Ndiyo maana tukamjengea chumba kilichojitenga na nyumba. Nilijidanganya kwamba kikipendeza, atashindwa kukataa.

Siku aliyokuja kukiona alitembea ameniegemea, mwepesi mno. Tulipokuwa ndani, mume wangu alikohoa kabla ya kutoka nyumba kubwa, kama adabu inavyotaka. Mama akajifunika kanga usoni haraka, akageukia ukuta.

"Mama, ipi nzuri?" nikamwuliza, maana sasa rangi zote mbili zilikuwa mbele yake.

Hakuzitazama.

"Mwanangu, mlango huu unatazamana na wa mkwe. Nitajificha kila siku, na magonjwa haya?"

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Siku zote zile nilikuwa nikihangaika na ukuta, na mlango sikuuona. Nilichoka mpaka kulia nikashindwa.

Nilipomweleza mume wangu, alikwenda kumwita fundi. Mlango ukazibwa kwa matofali, mwingine ukatobolewa upande wa pili. Mama akakubali kuhamia plasta ikiwa bado mbichi. Nikamwahidi kwamba ukuta ukikauka nitampakia rangi.

Alifariki kabla haujakauka.