Makuei Hafi Kakuma

Jumamosi alasiri, mabati yakiwa bado yanaunguza, watoto huanza kukusanyika nje ya kibanda cha Nimco sokoni Kakuma. Wengine hubeba vigoda, wengine wadogo zao mgongoni. Ndani kuna giza la magunia yaliyoshonwa pamoja, shuka jeupe ukutani, projekta juu ya kreti la soda, na kando ya shuka mwanamke mrefu mwenye kipaza sauti mkononi. Huyo ndiye Yar. Filamu za Jumamosi ni za mambo ya kale: wafalme, misafara ya chumvi, wajenzi wa kuta na madaraja, zote zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto katika nchi za mbali. Husemwa kwa lugha ambazo Kakuma, pamoja na wingi wa lugha zake, haizijui. Yar huzima sauti ya filamu, kisha huisema mwenyewe kwa Kiswahili, kuanzia mfalme mpaka punda.

Kiswahili chenyewe alikiokota. Alifika Kakuma akiwa mtoto, ameshikwa mkono na kaka yake Kon, wametoka Sudan Kusini kwa miguu. Kidogo alikipata kwa majirani Wakongo waliokuwa wakiimba wakifua nguo, kidogo kwa wanawake wa Kiturkana waliouza kuni, kilichobaki darasani. Ndiyo maana wafalme wake huongea kama wahubiri wa Bukavu, na askari wao kama vijana wa Nairobi. Hakuna mtoto anayelalamika. Wengi wao waliijua dunia ya kale kupitia mdomo wake kabla hawajaweza kusoma, na wako waliokwisha kuwa wazazi ambao bado huwakataza watoto wao kusema uongo kwa maneno ya waziri fulani wa filamu, waziri ambaye huenda hakuwahi kuyatamka.

Filamu inayopendwa kuliko zote ni ya daraja. Zamani sana kijiji kimoja kilitengwa na mto mkali. Kijana maskini akamfunga maksai wake kamba, wakaanza kuvuta mawe kutoka mlimani, jiwe baada ya jiwe. Watu waliwacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaja kusaidia. Maksai huyo ni mweusi mwenye kichwa cheupe, na Yar alipomwona mara ya kwanza hakusita. Kwa Wadinka, ng'ombe mwenye rangi za furukombe, yule tai wa mtoni mwenye kichwa cheupe, jina lake ni moja tu. Alimwita Makuei.

Siku hiyo ya kwanza alikuwa hajaitazama filamu mpaka mwisho. Alidhani daraja likikamilika hadithi imekwisha. Kumbe haikuwa imekwisha. Baada ya daraja ikaja njaa, watoto wa kijiji wakawa hawana nguvu hata ya kulivuka, na kijana akamleta maksai wake uwanjani, ambako mzee mmoja alikuwa akinoa kisu. Sauti ya Yar ilikatika. Kisu kikasogea, na kutoka nyuma kabisa ndani ya kibanda fimbo ikapaa juu ya vichwa vya watoto, ikapiga shuka ikalitoboa. Watoto wakashangilia. Nimco akachomoa waya.

Mwenye fimbo aliitwa Lokiru, mfugaji Mturkana aliyekuja sokoni kuuza mbuzi na kuingia ili akae kivulini kidogo.

"Mzee, umenichania shuka!" Nimco alifoka.

"Na yeye alitaka kuchinja ng'ombe ya kijana," Lokiru alijibu. "Nyinyi wote mnakaa tu mnaangalia?"

Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Ejok," alisalimu. "Dada, ile ng'ombe imepona?"

Yar alimtazama, kisha akasema, "Amepona, mzee. Yuko malishoni."

"Malisho gani?"

"Ng'ambo ya daraja."

"Kuna maji huko?"

"Yapo."

Lokiru aliitikia kwa kichwa, akaenda zake akiwa ameridhika. Tangu hapo, kila alipoleta mbuzi sokoni aliulizia ng'ombe, na kila mara Yar alimpa habari: amenenepa, mvua imenyesha, nyasi zimefika magotini. Na tangu hapo, filamu ya daraja ikawa na desturi yake. Jiwe la mwisho likishatua, Yar hubonyeza rimoti. Giza, makofi, watoto nyumbani. Makuei hafi Kakuma.

Nimco alidhani ni kwa ajili ya shuka. Yar alimwacha adhani hivyo.

Ukweli ni kwamba Makuei alikuwa ng'ombe wa Kon. Kila jioni, nyumbani, Kon alisimama mbele yake akainua mikono kama pembe zake, akamwimbia nyimbo alizozitunga mwenyewe. Vita vilipofika waliondoka naye, kundi la watoto wakifuata mkia wake mweusi. Alitembea nao mpaka siku ambayo watoto waliokaa chini hawakuinuka tena kuendelea. Siku hiyo walikula. Kon hakuimba tena, wala njiani, wala Kakuma, mpaka alipougua na kuzikwa ng'ambo ya laga, mto mkavu wa Tarach. Yar hakuwahi kumweleza mtu. Ila kila Jumamosi ya daraja, kwa muda wa filamu moja, maksai mwenye kichwa cheupe alitembea tena, na watoto waliliita jina lake.

Basi akaja Mureithi. Huyu alikuwa kijana wa shirika linalopeleka shuleni vitabu vya historia vya watoto, mtu wa milimani aliyekuwa bado hajalizoea joto. Alikaa kibandani akilowa jasho, akamsikiliza Yar akiwa mfalme, mama mkwe na mto, na mwisho alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Mama Yar, sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema. "Hadithi hii tumeitolea kitabu, kwa Kiswahili, na picha zake. Tunataka kuzunguka na filamu, shule kwa shule, Turkana nzima. Msimulizi ni wewe. Lakini mwisho umeukata."

"Huo ndio mwisho wa hapa."

"Kitabu hakiishii hapo. Funzo lote liko kule mbele. Kijana anatoa anachokipenda kuliko vyote ili wengine waishi."

"Funzo nalijua."

"Basi liseme. Tunaanza Lodwar, Ijumaa. Ukifika mwisho, kazi ni yako. Ukiukata, mama, itabidi nitafute mwingine. Sitawapa watoto nusu ya hadithi."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililomuuma Yar zaidi, maana hakupata pa kukasirikia. Kazi ya kusimulia pekee, bila kufua nguo za watu siku za katikati ya wiki, alikuwa ameitamani tangu ujana.

"Abaayo, dada yangu," Nimco alimwambia walipokuwa wakikunja shuka, "mnyama wa kwenye kitambaa anakushinda? Mimi huchinjiwa mbuzi kila wiki na hakuna anayelia."

"Mbuzi wako hana jina."

"Anaitwa pilau."

Yar alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akarudi kukunja shuka, na Nimco, ambaye alimjua, akaacha utani. Alimfungia chapati za safari.

Ukumbi wa Lodwar haukuwa mbali na mto Turkwel. Madirishani ilionekana mikoma, mitende ya huko, vichwa vyake vikipepea. Mapazia yaliposhushwa, watoto wa shule mbalimbali walijaa mpaka kwenye njia ya katikati. Vitabu vilipangwa mezani, vikisubiri filamu iishe. Shuka la hapa halikuwa shuka. Lilikuwa skrini, kioo cheupe kipana cha kukunja ambacho Mureithi alikuwa amekiazima na alikigusa kama mtu anavyogusa yai.

Katika safu ya mwisho, juu ya kigoda chake cha mti, alikaa Lokiru na blanketi begani. Mjukuu wake Nakal, msichana wa shule aliyekuwa akisoma Lodwar, alikuwa amemwambia kuwa Makuei anakuja mjini.

"Mama Yar, yule mzee wa fimbo ni nani?" Mureithi alinong'ona.

"Mwenye ng'ombe."

Mureithi akasogea karibu na kioo chake.

Filamu ikaanza. Yar alikuwa ameisema mara nyingi kiasi kwamba maneno yalitangulia picha, lakini kwenye kioo kipana kama kile alikuwa hajawahi kuiona. Mlima ulikuwa mlima. Mawe yalikuwa makubwa kuliko nyumba za Kakuma, na alipoyatazama yakiburutwa na kiumbe mmoja mweusi aliyeinamisha kichwa cheupe, alijikuta anashusha sauti bila kukusudia, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Ukumbi ukashuka naye. Watoto waliokuwa wakisukumana waliacha. Jiwe lilipozama mtoni kwa mara ya tatu, sauti moja ndogo ilisema kwa Kiturkana, polepole, neno la kumtia moyo ng'ombe aliyechoka, na hakuna aliyecheka.

Jiwe la mwisho likatua. Kidole cha Yar kilikuwa tayari juu ya rimoti. Mureithi alikuwa akimtazama. Lokiru alikuwa akimtazama kwa utulivu wa mtu anayejua kinachofuata: malisho.

Hakubonyeza.

Njaa ikaingia kijijini. Yar akaisema, kwa sentensi fupi. Kijana akamleta maksai uwanjani, akamshika pembe, akafungua mdomo kumwambia jambo. Alichokisema kwenye filamu Yar hakujua, wala hakuwahi kukitungia maneno. Kisha akasema alichokisikia kwa masikio yake akiwa mtoto, nyuma ya mgongo wa kaka yake.

"Makuei. Watoto hawajala."

Basi. Hakuongeza kitu. Mzee wa kwenye filamu akanyanyua kisu, na nyuma ya ukumbi Lokiru akasimama, fimbo mkononi. Mureithi alitanua mikono mbele ya kioo kama kipa. Watoto wakageuka.

Lokiru aliilaza fimbo sakafuni. Akaitazama picha, bila damu kuonekana, kichwa cheupe tu kikishuka polepole mpaka kwenye vumbi. Akainua mikono yote miwili juu, imepinda viwikoni, kama afanyavyo Mturkana anapomwimba ng'ombe wake, akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa kavu na haikuwa na haraka. Nakal akasimama kando ya babu yake, akainua mikono. Kisha safu yake. Kisha safu ya mbele yake, na ya mbele yake tena, mpaka ukumbi mzima ukawa kundi, pembe kwa pembe, miguu ikipiga sakafu kwa pamoja hata madirisha yakalia.

Yar alikuwa hajawahi kuona jambo hilo likifanywa na watu wasio wa kwao. Miaka yote aliyokaa Turkana alikuwa ameziona ngoma zao kwa mbali, barabarani, akipita na mzigo wake. Sasa alisimama mbele yao, akakiweka kipaza sauti mezani, akainua mikono. Hakuinua pembe za maksai wa filamu, ambazo zilikuwa zimenyooka. Aliinua za Makuei: mkono wa kulia juu kabisa, wa kushoto ukizunguka kuja mbele ya uso, vile Kon alivyozipinda tangu ng'ombe alipokuwa ndama.

Lokiru alimwona kutoka kule nyuma. Akaitazama ile mikono kwa makini, kama mtu anayempima mnyama asiyemjua. Bila kuacha kuimba akaishusha yake, akaipanga upya: wa kulia juu, wa kushoto mbele ya uso. Nakal akamfuata, watoto wakamfuata Nakal. Yar akasimama mbele ya pembe za Makuei zilizojaa ukumbi mzima.

Taa zilipowashwa, Mureithi alitoka mbele ya kioo. Alichukua kitabu kimoja mezani, akafungua mwishoni, kwenye maswali.

"Watoto, hadithi hii inatufundisha nini?"

Kisha mvulana wa safu ya mbele akasema, "Tusivuke mto ukiwa umejaa," na ukumbi ukacheka, na kicheko kilikuwa kama maji baada ya safari.

Nakal akainua mkono.

"Ngozi alipewa nani?"

"Ngozi?"

"Ya Makuei. Nyama walikula watoto. Ngozi alipewa nani?"

Mureithi alifunua kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele. Watoto walisubiri, maana kwao hilo halikuwa swali dogo. Mwishowe alikifunga.

"Kitabu hakisemi," alikiri, akamgeukia Yar.

Kipaza sauti kilikuwa mezani. Yar hakukichukua.

"Tulipewa sisi watoto," alisema. "Tuliitandika, tukalala juu yake. Mimi nililala upande wa shingo. Tulikuwa wengi, miguu ikabaki mchangani."

Hakuna aliyeuliza filamu ilikuwa na uhusiano gani na yeye. Lokiru alikuwa ameokota fimbo yake na kukikalia kigoda chake, mikono juu ya magoti.

"Dada, ulinificha," alisema.

"Nilikuficha, mzee."

"Mimi nauliza malisho, nauliza maji. Nauliza kama imenenepa!"

"Nisamehe."

Alifikiri. "Na mwenye ng'ombe? Yeye alilala wapi?"

"Chini. Pembeni yetu. Hakutaka kuikanyaga."

"Anaitwa nani?"

Nje, upepo wa Turkwel uliigonga mikoma.

"Kon," alisema.

Lokiru alilijaribu jina mdomoni, mara moja, mara mbili, mpaka likakaa. Kisha, akiwa ameketi vilevile, akaurudia wimbo kwa sauti ya chini, na palipokuwa na nafasi ya jina la mwenye ng'ombe, akalitia.