Herufi L kwenye Broshi ya Bibi Zena

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikimaliza utakosa hamu. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, saa kumi alasiri, hapa mtaani Buyenzi, na sikuwa na homa.

Mimi ni fundi wa vito, na nina diploma ya masomo ya jioni. Niliipata kwa miaka minne ya kusinzia darasani, nikaitundika ukutani, kubwa kuliko dirisha. Ikumbuke hiyo diploma, ndiyo iliyoniponza.

Jirani yangu Bibi Zena, ambaye macho yake yamefifia, aliniletea broshi, ile pini ya kifuani, ya fedha tupu, umbo la ngoma. Marehemu baba yake alikuwa akizitengeneza enzi za Wabelgiji; wageni walizinunua wakaenda nazo kwao kama kumbukumbu ya mji. Nyumbani ilibaki hii moja, na sindano yake imevunjika.

"Mutoto wangu, tengeneza sindano tu. Kesho mujukuu yangu anaolewa, mi mwenyewe nitamuvalisha."

Sindano niliimaliza upesi kuliko kupiga chafya. Kisha nikaona maandishi: USUMBULA. Mji huu zamani uliitwa Usumbura, kwa R, kila mwenye diploma anajua. Basi nikachukua tupa nikaifuta ile L ili nichonge R, bure kabisa, iwe zawadi yangu ya harusi.

Mvua ikamwagika, nadhani hata ziwa letu lilitafuta pa kujikinga. Nilipoinua kichwa, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Kanzu yake kavu. Niamini, kavu kama unga.

"We ni mwalimu?"

"Apana, mzee. Ila nimesoma."

"Mi sikusoma. Niliandika vile tulikuwa tunasema."

Akachukua patasi kwa mkono wa kushoto na nyundo kwa wa kulia, akagonga mara mbili. Nyundo haikutoa sauti. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi niliitazama diploma, nayo ikaninyamazia. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu, na L imerudi mahali pake, na weusi wake wa miaka yote ndani.

Mvua ilipokatika, Bibi Zena akaja. Alipitisha kidole gumba juu ya ngoma, herufi kwa herufi, kikasimama kwenye L. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakujua kusoma; kona ya ile L ndiyo iliyomwambia kwamba hiki ni kitu cha baba. Angekuta R, angesema nimembadilishia, na kesho mjukuu angetoka bila broshi kifuani.

"Ni yenyewe," akasema. Kisha akanusa. "Siku hizi unatumia mukaa?"

"Natumia gazi, bibi."

Akanusa tena. "Baba alikuwa anatumia mukaa. Alikaa wapi?"

Nikamshika mkono mpaka kwenye benchi. Akakaa hapo na broshi yake mpaka adhana ya magharibi.

Tangu siku hiyo mkono wangu umekataa R. Haya unayoyasoma ameyaandika mke wangu. Kibao changu cha nje, kilichokuwa REPARASIYO, yaani matengenezo, sasa kinasema LEPALASIYO. Nimekipaka upya mara mia, wapi, na watu wanakicheka mpaka mtaa wa Kanyosha. Diploma nimeigeuza itazame ukuta.

Na wewe, ukiletewa sindano, tengeneza sindano. Ukiona kosa kwenye kitu cha zamani, uliza kwanza ni la nani. Mwenyewe anaweza kuwa bado analihitaji.