Omuramba Haulali

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo bibi yangu mzaa baba alilewa kanisani. Usicheke kwanza. Alikuwa akifundisha akina mama wanaojiandaa kwa ubatizo, hajaonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu yeye mwenyewe abatizwe, na aliyemlewesha ni mimi. Nimeikumbuka siku hiyo leo asubuhi nilipokuona ukisaga karoti na mchicha kwenye mashine yako, ukamkamulia mama yako aliyetoka hospitali, kisha ukajaza chupa saba za wiki nzima. Kaa hapa kidogo. Na mashine sina ugomvi. Nina neno na hizo chupa.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nikiishi na Bibi kule Kimwani. Malaria ilikuwa imemlaza mwezi mzima. Hospitali ya misheni walimpa kwinini, homa ikashuka, lakini chakula kikagoma kupita. Ndizi nilizompikia alizitazama tu, maharage akayasukuma kando. Aliisha mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Niliogopa sana, kwa sababu baba na mama walikwishatangulia na sikuwa na mtu mwingine.

Muuguzi mmoja akaniambia, "Kama hatafuni, mnyweshe." Basi nikawa mkamuaji. Kila siku nilichukua ndizi mbivu za embire, hizi za kutengenezea pombe, nikazimenya na kuzikanda kwa nyasi kwenye beseni mpaka zikatoa maji yake matamu. Ndiyo omuramba huo, na haukutiwa hata tone la maji ya mtungi. Karoti nilizipara kwenye kipande cha debe nilichokitoboa kwa msumari, nikiparua na vidole vyangu humo humo. Mchicha niliutwanga. Vyote nikavikamua kwa kitambaa safi, nikachanganya na omuramba, nikatia pasheni mbili ili asisikie harufu ya majani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama kweli kweli.

Siku ya kwanza alikunywa nusu kikombe. Wiki ya pili akaomba cha pili. Wiki ya tatu akanigombeza kwamba ua haujafagiliwa, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Sisemi ni juisi peke yake iliyomponya, kwinini nayo ilifanya kazi yake. Ila juisi ndiyo iliyomrudishia nguvu ya kugomba.

Kila jioni alinipa agizo lile lile: "Koku, kilichobaki kinywe wewe. Omuramba haulali." Nami niliitikia, "Ndiyo, Bibi," bila kuuliza maana yake. Nilidhani ni maneno tu ya wazee. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, kwa hiyo nilijua kila kitu.

Ijumaa moja wenzangu wa kwaya walinifuata. Kulikuwa na harusi Jumamosi na mazoezi kutwa nzima. Nikawaza, kwa nini nisikamue mara moja tu ya siku tatu? Nikakamua, mtungi ukajaa, na nyingine ikabaki. Nikakimbia kwa jirani yetu, Ta Rwegasira, nikaazima kibuyu chake. Ta Rwegasira alikuwa bingwa wa rubisi, na kibuyu hicho kilikuwa kimelala na pombe miaka mingi kuliko niliyoishi mimi. Nilikisuuza mara moja, nikaona inatosha.

Ijumaa na Jumamosi Bibi alikunywa ya mtungini. Jumapili ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda ibadani tangu augue, nikammiminia ya kibuyuni vikombe viwili vikubwa apate nguvu za kupanda kilima. Kinywa chake kilikuwa bado kichungu kwa kwinini. "Leo umetia pasheni nyingi," alisema. "Imechangamka."

Katikati ya mahubiri Bibi akasimama. "Mwinjilisti, waitu," akasema kwa upole na heshima, "umetueleza vizuri. Sasa fupisha, watu wameacha ndizi jikoni." Kisha akaanzisha wimbo peke yake, ubeti wa kwanza na wa tatu, akaketi, akalala begani kwa jirani yake. Harufu ikafika hadi benchi la mbele.

Baada ya ibada wazee wa kanisa wakamweka kikaoni. Walitaka kumtenga na Meza ya Bwana na kumwondolea darasa lake. Bibi alikaa amejitanda shuka usoni. "Sijui kilichonipata," alisema. "Kama ni uzee, basi ni uzee." Mwanangu, nilisimama mlangoni najua kilichompata, na hakuna aliyenishuku. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na siku ile mjukuu alikuwa mimi. Nikaingia, nikapiga magoti, nikasema yote, harusi na kibuyu.

Mwinjilisti akaagiza kibuyu kiletwe. Akakinusa, akakunja uso, akamwita Ta Rwegasira naye anuse. Ta Rwegasira alinusa kwa utaratibu, akaonja kwa ncha ya kidole. "Imeiva," akasema. "Lakini si yangu. Mimi siwezi kuitia karoti." Wazee wakacheka mpaka kikao kikavunjika chenyewe. Bibi akabaki na darasa lake.

Tulirudi nyumbani. Nilingoja fimbo, sikuipata. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniambia, "Nilikwambia omuramba haulali. Aliyelala ni wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nikiwa nimelala, juisi ilikuwa macho inafanya kazi yake.

Kwa hiyo mwanangu, ya leo ikamue leo. Friji inaipunguzia mwendo tu, haiizuii. Osha chombo kama ndicho chakula chenyewe. Ukiambiwa neno usilolielewa, uliza, maana kuuliza si ujinga. Ningeuliza mara moja tu, Bibi asingefunika uso mbele ya watu. Na ukikosea, ingia ndani useme kabla mwingine hajabeba aibu yako. Mgonjwa hanywi karoti peke yake, anakunywa na ule uangalifu ulioinamia beseni.

Haya, nenda ukazimwage hizo za siku za mbele, kesho nitakusaidia kumenya. Mungu aibariki mikono yako isichoke kukamua, na akujalie mama yako aamke asubuhi moja akugombeze kwamba ua haujafagiliwa.