Kijiko Nilichoshika Mwenyewe

Watu husema mafuta ya nyonyo hayana harufu. Mimi nayasikia hata yakiwa chumba cha tatu. Juzi niliyasikia tena kituo cha afya, mtoto wa mtu akinyweshwa, mimi nimempakata wangu, Momade, miaka mitatu, aliyefukuzwa krechi, shule ya watoto wadogo, kwa kung'ata wenzake. "Mwanao ana shetani," mlezi wa krechi alikuwa ameniambia mbele za watu, nami nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilifika kituoni bado na hasira, sikai, sisimami. Basi ile harufu ikanipiga, na mara mtoto nikawa mimi, na meno ni yangu.

Maana mimi niling'ata, jamani. Niling'ata hasa. Ilikuwa wakati wa vita vya uhuru, Mreno ametukusanya Palma ndani ya seng'enge, nami nina miaka kama sita. Aliyenisogelea usoni, hata kwa kunifuta kamasi, aliondoka na alama. Watoto wa jirani waliniita Papa. Wakinipita wanaficha mikono nyuma na kuimba, "Papa wa nchi kavu, hesabu vidole!" Na Bi Sauda wa nyumba ya pili alipaza sauti juu ya ua: "Mama Atija, mfunge kamba huyo mbwa wako, kesho atatumaliza!" Mama alicheka kidogo, akaendelea kutwanga, kwa nguvu kuliko mpunga ulivyohitaji.

Alianza kwa kunipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu akaniandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zioshwe kwa maji ninywe. Sahani ilikuwa nzuri, nilitamani kuishika. Lakini alinikamata taya ili ninyweshwe, na kidole chake cha shahada kikakaa kwenye meno yangu kitambo. "Imeanza lini hii?" aliuliza, kidole kakibana kwapani.

"Kazaliwa hivyo," mama alisema.

"Basi mpeleke kwa Wareno. Mimi mkono huu ndio wa kuandikia."

Kazaliwa hivyo! Uongo mtupu. Nilijua ilianza lini, na mama alijua. Baba alikuwa porini na wapiganaji. Kwa watu tulisema yuko Mtwara, anauza vitenge. Siku moja tulikwenda shamba, mama akapitiliza hadi porini, akampelekea baba makopa ya muhogo. Wakati wa kurudi tukasikia tropa, askari wa Mreno, mstari mrefu unakuja. Tukalala kwenye nyasi. Mimi nikataka kukohoa. Mkono wa mama ukanishika mdomo na pua pamoja, mkono wenye vumbi la makopa, ukakaa pale mpaka buti la mwisho lilipopita. Nilidhani ananiua. Nilipopata pumzi nilimng'ata yeye, na tangu hapo sikuacha.

Mganga wa serikali alikuwa Mmakua mnene, miwani yake imefungwa uzi. Mlangoni pake alikaa sipai, askari mweusi wa Mreno, anatafuna karanga, masikio wazi. Na sipai yule Kiswahili alikijua kama sisi.

"Imeanza lini?" mganga aliuliza.

"Kazaliwa hivyo, bwana."

"Na meno kazaliwa nayo?"

Sipai akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka kuwa mbaya peke yangu. Nikasema kwa sauti yangu yote: "Mama mwongo! Ilianza siku ile porini, aliponiziba nisipumue!"

Karanga zikaacha kutafunwa. "Pori gani?" sipai aliuliza.

Mkono wa mama ulishaanza kuja mdomoni mwangu. Ukasimama hewani. Mganga aliutazama ule mkono, akanitazama mimi.

"Pori la minyoo hilo," alisema, hata hakugeuka. "Ikimzidi mtoto husema lolote. Juzi mmoja kaniambia kameza simba."

"Na simba katoka?"

"Katoka. Kwa mafuta ya nyonyo."

Sipai akacheka mpaka akapaliwa, akarudia karanga zake. Mganga akaandika kwenye kadi, akamimina mafuta kwenye kijiko. Mama akajiweka sawa anishike kichwa, kama kawaida. Mganga akamzuia, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, mkono wako usifike tena usoni kwa mtoto huyu. Hata kwa dawa. Kijiko ashike mwenyewe."

Nikashika. Nusu nikaimwaga mezani kwake, nusu nikameza. Hakuna aliyenigusa.

Nilimchukia mganga yule miaka mingi. Nimesema kweli, nikapewa dawa ya minyoo! Nilikuwa sekondari nilipoikuta kadi kwenye sanduku la mama, neno moja tu limeandikwa: minyoo. Ndipo nilipoelewa. Kwa mdomo wangu nilikuwa nimeshamkabidhi mama kwa sipai, na baba nyuma yake. Mganga aliandika uongo, tukarudi nyumbani. Na dawa haikuwa mafuta. Tangu siku ile mama alinipa kitambaa na maji ninawe uso mwenyewe, na sikumbuki ni lini niliacha kung'ata. Niliacha tu.

Mama amekufa. Hakuniomba radhi kwa mkono wake, wala mimi sikumwomba radhi kwa mdomo wangu.

"Imeanza lini, mama?" nesi aliniuliza juzi. Lile jibu la mama lilishafika kwenye ulimi. Nikatazama mlangoni. Palikuwa na ndoo na ufagio, basi.

"Tangu nilipojifungua mdogo wake," nilisema. "Akilia namziba mdomo, mchanga asiamke."

Jioni nilimpa Momade kijiko cha uji ashike mwenyewe. Uji ukanimwagikia kangani, ukamwagika mkekani, akacheka, akachota tena. Mikono yangu niliikalia.