Siku Niliyopima Bunduki kwa Mahamri

Chekeni tu, mimi nimeshazoea. Kuna nyumba kama nne hapa London ambazo nikiingia, hata sijavua viatu, mwenye nyumba anaifunika sahani ya mahamri na kuikimbiza jikoni, halafu wote wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, aibu nilijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na miaka yangu hamsini na sita.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza miwani, kiduka changu kiko karibu na stesheni ya Rayners Lane, lakini Jumapili mbili kila mwezi huwa natoka nje ya mji kwenda kuwinda kwenye shamba la Mzungu mmoja (kwa kibali cha polisi, kila kitu kimeandikwa, msianze). Nina bunduki tatu: ndogo ya sungura, ya kati ya paa, na kubwa ya wale kulungu wenyewe. Sasa yule mwenye shamba akaniambia jirani yake mpya amekuja na farasi, tena wana mimba, na mlio mmoja tu unawatimua mpaka barabarani, kwa hiyo kuanzia mwezi unaofuata hakuna mtu kufyatua hapo bila kipunguza sauti. Hilo ni bomba nene la chuma unalolikaza kwenye mdomo wa bunduki, mlio hauishi, msidanganywe na sinema, lakini unapungua ukawa wa kuvumilika.

Nilikuwa sijawahi kununua kitu hicho maishani. Nikampigia mwenye duka la bunduki, mzee mpole wa maneno machache, akaniambia nisihangaike kununua matatu, moja litatosha bunduki zote, mradi nichague kwa tundu la ile kubwa, maana risasi ndogo itapita kwenye tundu kubwa lakini kubwa haitapita kwenye dogo (hilo hata mimi nililielewa). Kilichobaki, akasema, ni yale meno ya skrubu kwenye mdomo wa kila bunduki, kwa sababu hayalingani, na yeye ana vipande vya kuunganishia vya kila saizi, nimletee tu vipimo. Lilikuwa limebaki moja, atanishikia mpaka Jumamosi saa saba mchana.

Na Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya posa ya binti yangu Nasra.

Nasra ni mfamasia, kijana amemchagua mwenyewe, na namna alivyokuwa anatabasamu peke yake akiosha vyombo ilitosha kuniambia kwamba hapa hakuna mchezo. Watu wa kijana wanakaa upande wa Edgware Road, watu wapole, wa heshima zao, na mkubwa wao ni bibi yake kijana, Bi Sauda, ndiye aliyemlea, na bila neno lake hapiti mtu. Bi Sauda ana kasoro moja tu, anaogopa milio. Puto likipasuka harusini anaziba masikio na kudai maji. Walishatuma mtu kuuliza kama ni kweli baba wa msichana anafuga bunduki ndani, na mke wangu Zuhura, kwa uso mkavu kabisa, akawajibu kwamba ni mambo ya zamani, ameshaacha. Nilipomuuliza kwa nini anasema uongo, akaniambia harusi ikiisha niwatangazie mwenyewe, hata kwa kipaza sauti nikitaka, lakini kwa sasa neno bunduki lisisikike nyumba hii. Na Nasra naye akanivuta ukumbini kwa Kizungu chake (hawa watoto wetu Kiswahili wanakielewa, kujibu ni Kizungu) akaniomba kitu kimoja tu, kwamba kwa yale masaa mawili niwe kama baba za watu wengine. Nikamwahidi, na nilimwahidi kwa moyo.

Asubuhi ya Jumamosi gari likachukuliwa kwenda kumleta Bi Rukia, dada mkubwa wa Zuhura, kutoka Thamesmead na masufuria yake, likarudi, likatumwa viti, likatumwa barafu. Mimi saa inakimbia. Kupanda treni na bunduki tatu begani, na ndevu zangu hizi, hapana, kuna ujinga na kuna ujinga. (Dukani kwangu nina vyombo vya kupimia mpaka unene wa unywele, na wallahi sikuvikumbuka hata kidogo.) Nilichokumbuka ni fundi wa funguo kule kwetu Mombasa, alikuwa anaubonyeza ufunguo kwenye kipande cha sabuni, anapata chapa, anakuchongea mwingine. Nikasema nipate sabuni, chapa ndiyo nipande nayo treni badala ya bunduki. Sabuni nyumba nzima ni ya maji. Ndipo macho yangu yakaangukia sinia la Bi Rukia, mahamri yamekatwa pembe tatu, mabichi, laini, yamefunikwa kitambaa yanasubiri kuumuka.

Nikachukua matatu.

Nikapanda nayo juu kwenye kabati la bunduki, nikahakikisha hazina kitu ndani, nikafungua vile vifuniko vidogo vya chuma vinavyokinga meno, na kila hamri nikalibonyeza kwenye mdomo wa bunduki yake, nikalizungusha taratibu, likatoka na mduara safi na mistari ya meno inasomeka. Nilijiona fundi. Bunduki zenyewe nilikuwa nimezipaka mafuta juzi yake, kwa hiyo mduara ulitoka na kamstari keusi, nikasema bora, ndiyo chapa inaonekana. Nikashuka nayo, nikayaweka kwenye kisahani dirishani pa jikoni yapigwe na upepo yakauke, nikapanda tena kufunga bunduki kabatini, maana sheria hairuhusu kuziacha hivi hivi, na mimi sheria naifuata. Nikiwa huko Zuhura akaniita nipige kanzu pasi. Niliporudi jikoni, kile kisahani kilikuwa kimeoshwa kinachuruzika maji.

Nikamuuliza Bi Rukia, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama hakuona mahamri matatu hapa. Akanijibu bila kugeuka kwamba kayakuta yamekaa peke yake yanapigwa na baridi, kayakaanga.

Sasa niseme nini? Mtu nimekatazwa neno lenyewe. Nikajiambia niyatafute, niyatoe kimyakimya, basi. Lakini hamri likiingia kwenye mafuta linafura, na ule mduara wote ukawa umejikunja ukabaki kitovu tu upande mmoja, na nyie mnajua katika mahamri themanini vitovu havikosekani. Nikafungua hotipoti, nikaanza kugeuza moja moja. Zuhura akanikuta nimezamisha mkono mpaka kiwiko, akanichapa kofi la kiganja, akasema mwanamume mzima huwezi kusubiri wageni. Na hapo kengele ikalia. Wageni wamefika nusu saa kabla. Watu wetu, nusu saa kabla! Maishani sijaona.

Sebule yetu ni moja, kwa hiyo wanaume walikaa upande wa dirishani na wanawake upande wa mlangoni, Bi Sauda kiti cha kati. Mzee Athumani, baba wa kijana, akafungua maneno vizuri sana, amekuja kuomba ua kwenye bustani yetu na kadhalika, na mimi nilikuwa natikisa kichwa huku naangalia mlango wa jikoni. Chakula kilipotoka nikainuka, nikampokonya mpwa wangu hotipoti, nikasema leo nahudumu mwenyewe. Wakasifu, wakasema angalieni unyenyekevu huo. Sifa hazikukaa. Maana kila aliyenyoosha mkono nilimzuia, nikalichukua hamri lake, nikaligeuza huku na huku, nikalinusa (naam, nililinusa), ndipo nikamkabidhi. Mzee Athumani nilimnusia mawili. Amu yake kijana akasema ameshiba, na alikuwa hajala kitu. Zuhura alikuwa ananitabasamia, lile tabasamu ambalo meno yote yako nje na macho yanakuambia usiku utalala wapi.

Nikamaliza hotipoti yote, sikuona kitu, roho ikaanza kutulia. Halafu nikamwangalia Bi Sauda.

Kumbe Bi Rukia, kwa adabu zake, alikuwa amemtengea bibi sahani yake peke yake kabla sijainuka, na kumwekea yale yaliyokaangwa mwisho, ya moto zaidi. Sahani ilikuwa na hamri moja tu, na Bi Sauda alikuwa amelishika mkononi, kalisogeza karibu na miwani, analichungulia. Kitovu kipana. Ndani yake mduara mweusi. Ilikuwa ile kubwa ya kulungu, ningeitambua popote.

Nisiwafiche, nilifikiria kunyamaza. Ale, limalizike, mtoto aolewe. Lakini kopo la yale mafuta ya bunduki lina alama ya hatari, na yule ni mtu mzima wa miaka themanini na tano, na akidhurika mimi nitaishi vipi na Nasra? Akalichovya kwenye mbaazi. Akafungua mdomo.

"Bi mkubwa," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "tafadhali usile hilo. Hilo ni bunduki."

Bi Sauda akaliteremsha hamri polepole mpaka kwenye sahani.

"Mawili nimeshakula," akasema.

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana badala ya kuomba msamaha nikaanza kueleza. Nikawaeleza meno ya skrubu, nikawaeleza tundu kubwa na tundu dogo, nikawaeleza farasi wenye mimba, nikamwambia Bi Sauda kwamba kama kuna mtu anayepaswa kukifurahia chombo hiki ni yeye, kwa sababu kazi yake ni kupunguza mlio. Mzee Athumani akamgeukia Zuhura akamuuliza taratibu kama hizi ndizo bunduki ambazo mume wake ameziacha. Zuhura alifunika uso kwa ukaya wake. Bi Rukia akakaa chini jikoni, nikasikia sufuria limeanguka.

Nasra akashuka ngazi mbio. Alitakiwa asionekane mpaka mwisho, amepambwa, lakini alishuka na fulana kuukuu na nywele nusu zimefungwa nusu hazijafungwa, akapiga magoti mbele ya Bi Sauda, akamshika mkono, na akaanza kumsemesha Kiswahili. Cha kuvunjikavunjika, "Bibi, tumbo inauma? Koo inawasha?", lakini Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, mtoto ambaye mimi babake tangu azaliwe sikupata kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Akapiga simu akauliza wataalamu, akawasomea kopo, akarudi akasema kiasi hicho kidogo hakina neno, anywe maji, apumzike, yeye atampigia kila baada ya saa mbili. Mimi akanipita hivi bila kuniangalia. Hilo liliniuma kuliko yote.

Wageni wakaondoka kwa salamu fupi, bila hata kungoja jibu la posa yao. Zuhura hakunisemesha siku tano. Nasra alikuwa anakwenda kazini na kurudi, tena vyombo anaosha bila kutabasamu, na mimi nilikuwa napita ukutani kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Jumatatu nikazipakia bunduki kwenye gari, nikaenda kwa yule mzee wa duka (alikuwa bado amenishikia, Mungu ambariki), na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuzungumza naye nikamsimulia yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akaniuliza kama kabla ya kubonyeza ule unga nilivifungua vifuniko. Nikasema ndiyo, vyote vitatu. Akauliza nilivitia wapi. Nikasema mfukoni. Akakichukua kifuniko kimoja, akakigeuza nione ndani, na ndani mlikuwa na meno yale yale, saizi ile ile, akasema kwa upole kwamba wateja wengine huwa wanamletea hivi tu. Kazi ilikwisha kwa dakika tatu. Bomba nikanunua la tundu la ile kubwa, na vipande vyake vitatu, na linafanya kazi vizuri sana, farasi hawajambo.

Ijumaa Mzee Athumani akapiga simu, tukaiweka mezani tumsikie wote watatu. Akasema Bi Sauda hajambo. Akasema Bi Sauda amekataa kuzungumziwa msichana mwingine yeyote, huyu huyu aliyempigia magoti na nywele zake nusu ndiye anayemtaka, kwa hiyo posa yao iko pale pale, wanangoja jibu letu tu. Nasra akalia, akanirukia shingoni mimi, mimi huyu huyu, na nikalia na mimi.

Halafu Mzee Athumani akakohoa kidogo, akasema kuna sharti moja dogo la bibi, tusilichukulie vibaya. Siku ya harusi chakula chote kitapikwa upande wao.

Zuhura, ambaye mahamri yake na ya dada yake yanaagizwa kwa simu kuanzia Harrow mpaka Thamesmead, ambaye hajapata kula harusini chakula asichokisimamia, aliinamia simu akasema hewala. Harusini alikula mahamri ya watu, magumu kidogo, yamekosa iliki, akayatafuna moja baada ya jingine huku ananiangalia mimi. Tangu hapo nikitaka kupimiwa kitu nabeba kitu chenyewe, hata kiwe na uzito gani, na jikoni kwangu naingia kwa kupiga hodi, nasubiri niitikiwe.