Viatu Mbele ya Bodi

Nakiri hili nikiwa bado nacheka. Chuo chetu kiko mbali na mji wa Kakamega. Unatembea saa nzima hadi Lubao ndipo upate gari, kwa hivyo anayeenda mjini hutumwa na bweni zima.

Jumanne iliyopita nilienda mimi, kiongozi wa wanafunzi, kuiomba bodi ya chuo basi la kutupeleka mjini. Bodi yenyewe hukutana hukohuko mjini. Nilibeba mifuko miwili myeusi: mmoja una barua yenye sahihi za wanafunzi wote, mwingine una viatu vya wenzangu vya kushonwa. Nikapita kwa fundi, nikamwachia mfuko bila kuufungua, nikakimbilia mkutanoni.

“Haya, tuonyeshe ulichotuletea,” akasema mwenyekiti, mama mmoja mkali mwenye miwani.

“Ushahidi wote umo humu, mama,” nikajibu kwa madaha, nikaumimina mfuko mezani.

Viatu vikaporomoka juu ya makaratasi yao, na vumbi jekundu likaingia kwenye chai. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti akainua kiatu kimoja, akanichungulia kupitia tundu la soli. “Mwenye hiki alikuwa akitembea kwenda wapi?”

“Kuja huku mjini, mama. Kutafuta fundi wa viatu.”

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawageukia wenzake. “Nani anapinga basi?”

Hakuna mkono ulioinuka. Niliokota viatu kimoja kimoja, uso ukiniwaka, huku bodi nzima ikinipigia makofi.