Mwalimu Yudith na Kengele ya Rimu

Asubuhi ya mwisho ya kawaida mke wangu Yudith alimenya viazi, mimi nikapuliza moto. Kengele ya shule ikalia. Akaweka kikombe chini, akacheka, kama alivyocheka miaka yote.

"Unacheka nini, mama Rubeni?"

"Unajua, mgosi wangu."

Nilijua. Jumapili tukamzika. Naandika nilichojua, kwa herufi alizonifundisha yeye mwenyewe, darasa la watu wazima.

Yudith alifundisha darasa la pili, juu ya Lushoto, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mkaratusi. Ilikuwa ya shule, tena ya kijiji. Ikipigwa polepole, watoto waingie darasani au waende kunywa uji. Ikipigwa haraka haraka, hatari, kila mtu aje na jembe.

Masika moja mlima ukashuka juu ya nyumba ya kina Paskalina, mwanafunzi wake. Baba na mama wakabaki chini ya udongo. Mtoto tulimfukua, rimu inalia mchana kutwa.

Aliporudi shule hakusema neno. Kengele ikilia, huyo! Mbio hadi kwenye mahindi. Mjomba wake Alfred, kibarua wa mkonge kule Mazinde, akatuma neno: shule ikimshinda, nakuja kumchukua achunge mbuzi.

Mwalimu mkuu, Bwana Kristofa, akasema fimbo itamkalisha.

"Utamchapa mtoto au utauchapa mlima?" Yudith akamuuliza.

Kristofa akaweka fimbo chini. Hakupenda, lakini akaiweka.

Yudith akamhamishia Paskalina mlangoni, aone nje. Kabla ya kengele anamwinamia: "Sasa italia. Ni ya uji tu." Darasa zima likajifunza kumwambia hivyo. Akikimbilia kwenye mahindi, hakuna anayemcheka. Mwenzake anakwenda kukaa naye, basi. Baadaye Yudith akawa anampeleka kwenye rimu yenyewe, imenyamaza. Siku ya kwanza waliitazama. Siku nyingine mtoto akaigusa kwa kidole. Yudith akirudi nyumbani ananisimulia huku anacheza, sufuria mkononi. "Ameigonga kwa kucha, baba Rubeni! Kwa kucha!" Mimi nacheza naye. Wazee wazima!

Lakini Alfred akaja. Asubuhi, na begi tupu la nguo za mtoto.

"Shikamoo, mwalimu. Nimemfuata."

"Marahaba. Ngoja saa ya uji, mwanangu. Kisha utaamua."

Saa ya uji ikafika. Yudith akampa Paskalina nondo ya kupigia kengele, yeye akarudi nyuma. Mtoto akasimama mbele ya rimu. Akafumba macho. Akapiga.

Wee! Alipiga! Alipopata ladha yake hakuacha, akaikung'uta haraka haraka hadi kunguru wakaruka wote.

Na sisi huku chini, kwenye shamba la kijiji, tulisikia nini? Hatari! Tukapanda mlima na majembe. Mzee Yohane anakimbia ameshika suruali. Dorothea ana mwiko wenye ugali. Mimi kiatu kimoja kilibaki matopeni, sikukiona tena.

"Wapi? Kumeporomoka wapi?"

Paskalina akafumbua macho. Akatuona, kijiji kizima, tunahema kama mbuzi, tope hadi masikioni. Akamwangalia Dorothea na mwiko wake.

"Ni ya uji tu!" akasema.

Akacheka. Mama yangu, kicheko kile! Tangu masika hatukuwa tumesikia sauti yake. Dorothea akapiga vigelegele, watoto wakaruka, Yohane akasahau suruali, ikateremka, tukacheka upya. Bwana Kristofa alianza kugomba, ati mtoto amefanya kijiji kizima kiache kazi, midomo ikamshinda, akacheka naye.

Alfred peke yake hakucheka, begi mkononi. "Sasa, mwalimu," akasema, "ndiyo nini hii? Amepona au hajapona?"

Yudith alikuwa amemshika Paskalina begani. Machozi yanamtoka, anacheka. Akamjibu:

"Hilo sijui, Alfred. Ila umeona mwenyewe: leo tumekimbia sisi wote, yeye ndiye amebaki amesimama."